Binti kiziwi aliyevuka Ruvuma: mjomba aanzie wapi?

Swali

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mkulima wa korosho huku Tandahimba. Dada yangu, tuliyezaliwa naye hapa hapa, aliolewa ng'ambo ya mto Ruvuma, upande wa Nangade, Msumbiji. Vita ilipochacha mwaka 2021 alivuka na watoto wake wawili akarudi nyumbani. Mume wake hatujui alipo mpaka leo. Mwaka juzi dada akafariki. Ameniachia binti wa miaka 17, kiziwi tangu alipougua homa kali akiwa na miaka mitatu, na mdogo wake wa kiume wa miaka 11. Binti hajawahi kukaa darasani, na anayemwelewa ni mdogo wake tu. Anabangua korosho kwa watu na najua wanampunja. Sasa kuna mama anataka kumchukua Dar es Salaam akafanye kazi za ndani. Mke wangu anasema kwanza achezwe unyago. Wengine wananiambia niuze mikorosho nimnunulie mashine ya masikio. Hana cheti wala kitambulisho. Nianzie wapi, au nimeshachelewa?

Jibu

Marahaba mjomba, na pole sana kwa kumpoteza dada. Nakujibu kwa urefu kwa sababu umeuliza mambo mengi ndani ya moja, na watu wanaokuzunguka wanakusukuma uyashike yote kwa mkupuo.

Hujachelewa. Ila ukianza na mashine ya masikio, au ukimwacha aondoke na huyo mama, utakuwa umeanza pasipofaa. Anza na lugha. Binti amefika miaka 17 akiwa na watu wawili tu duniani wa kuzungumza nao, mama yake na mdogo wake. Mmoja mmeshamzika, na mwingine ana miaka 11.

Viziwi walio wengi sana, zaidi ya tisa katika kila kumi, huzaliwa na wazazi wanaosikia. Maana yake lugha haiwafikii kwa kukaa tu nyumbani kama ilivyotufikia sisi. Kila nyumba hubuni ishara zake za kujikimu: kidevu cha mbuzi, mkongojo wa babu, mkono wa mtu anayetwanga. Ishara hizo si mchezo wala si dalili ya ujinga. Ndiyo akili ya mtoto ilivyojijengea njia pale iliponyimwa nyingine. Tatizo ni kwamba zinaeleweka ndani ya ua ule ule zilikozaliwa. Familia ikikimbia, ishara zinabaki hewani. Ile ya kisima huenda ilitokana na mti uliokuwa kando ya kisima cha kule Nangade, na ya shangazi fulani ilitokana na kovu la shavuni mwake. Hapa Tandahimba mti ule haupo na shangazi hayupo. Binti akiinua mkono kusema jambo, ninyi mnaona mtu anayepunga upepo. Mhamiaji anayesikia huja na Kimakonde chake na anakuta Wamakonde wenzake huku. Huyu alikuja na lugha ya watu watatu.

Kwa hiyo kazi ya kwanza haihitaji fedha. Chukua simu yako ya tachi, kaa na huyo kijana mdogo jioni, mwombe akuoneshe ishara moja moja wanazotumia, na uzirekodi kwa video: chakula, maji, naumwa, sitaki, nani, lini, mama, baba, askari, moto, mto. Dada yake awepo na aruhusiwe kusahihisha, maana zake ni zake. Kisha wewe, mkeo na watoto wako wote mjifunze. Mtu mmoja nyumbani akizijua haitoshi. Wakati wa kula ndipo penye mtihani: watu kumi mnacheka, na mmoja anatazama midomo bila kujua mnamcheka nani. Mkianza kumweleza kinachozungumzwa hata kwa ishara tatu, utamwona uso wake unavyobadilika ndani ya wiki chache.

Na pawe na mwanga. Nyumba nyingi za huku usiku ni giza, na kiziwi gizani amekatwa na kila kitu. Mtu aliyekimbia vita bila kusikia mlio, akikimbia kwa sababu tu ameona wengine wanakimbia, analala akiwa na hofu. Taa ndogo ya sola iwake pale anapolala. Anayemwamsha asimshike ghafla kwa nyuma. Agonge kitanda au apitishe mkono mbele ya macho yake.

Hapo nifike kwenye jambo ambalo hukuuliza, nami naliona kuwa zito kuliko yote. Je, binti anajua kwa nini walikimbia? Anajua mama yake amekwenda wapi? Usidhani anajua kwa sababu alikuwepo. Machafuko ya Cabo Delgado, jimbo la Msumbiji ilimo Nangade, yalianza Oktoba 2017, yeye akiwa mtoto mdogo bado. Aliona nyumba zinaungua, aliona watu wanafunga mizigo, akavushwa mto. Wenye kusikia walielezwa njiani, hata kama ni kwa minong'ono. Yeye nani alimweleza? Kisha mama akaugua, watu wakajaa uani, akaona wanalia, na mwili ukachukuliwa. Vijana viziwi wengi wanaoishi mbali na kwao hubeba mambo ya namna hii kwa miaka, wakidhani mzazi aliwatupa, au kwamba wao ndio waliokosea. Wengine huonekana wakaidi, wapiga wenzao, watoro. Mwenye kisirani, watu husema. Mara nyingi ni mtu aliyebeba maswali ambayo hayajawahi kupata jibu.

Mweleze. Chora kwenye daftari: nyumba ya kule, mto, watu wenye silaha, mtumbwi, nyumba ya hapa. Mchoro mbaya unatosha. Chora mama akiwa mzima, mama amelala, kaburi. Nenda naye makaburini, mwoneshe pahali, mwache akae anavyotaka. Mfanye arudie kuchora yeye, ndipo utakapojua alichoelewa. Itachukua siku nyingi na mtalia wote. Baba naye mtaje: chora kwamba hamjui alipo, usimwambie amekufa wala usimwambie atakuja. Na kuhusu kumtafuta baba, Chama cha Msalaba Mwekundu kina huduma ya kuunganisha ndugu waliopoteana kwa vita; peleka jina lake, kijiji chake na majina ya watoto.

Sasa lugha kamili. Wengi huamini viziwi wa dunia nzima wana lugha moja ya mikono. Sivyo. Msumbiji wana lugha yao ya alama na sisi tuna Lugha ya Alama ya Tanzania, na binti yako huenda hajui yoyote kati ya hizo mbili. Atakakoishi na kufanya kazi ni huku, basi ajifunze ya huku. Njia bora ya kuipata ni kukaa na viziwi wenzake, kuliko kupewa kitabu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, nchini Nikaragua, watoto na vijana viziwi waliokuwa wametawanyika, kila mmoja na ishara za nyumbani kwao, walikusanywa kwenye shule katika mji wa Managua. Walimu hawakuwafundisha lugha ya alama. Walipokutana viwanjani na kwenye mabasi, wakaitunga wenyewe, na leo ni lugha kamili inayosomwa na wataalamu wa isimu. Walioingia wakiwa wadogo waliiweza vizuri zaidi kuliko walioingia wakubwa. Nakwambia hilo ili usitegemee kwamba ataongea sawasawa na kiziwi aliyeanza akiwa na miaka mitatu. Lakini ataweza kusimulia, kuuliza, kubisha, kukataa. Kwa binti wa umri wake kukataa ni silaha kubwa.

Watafute viziwi wa karibu. Uliza Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, wana mtu gani mkoani Mtwara. Uliza Afisa Elimu Maalumu wa halmashauri yako, ambaye kazi yake ni kujua watoto wenye ulemavu wako wapi na shule gani ina kitengo cha viziwi. Uliza pia mafundi cherehani, vinyozi na mafundi viatu wa Tandahimba na Newala, maana katika miji mingi kuna kiziwi anayefanya kazi hizo na wenzake humzunguka. Nenda na binti mwenyewe, usiende kumwulizia. Mara ya kwanza atashtuka kuona watu wazima, wenye kazi zao, wenye watoto, wanazungumza kwa mikono kwa kasi. Hajui kama watu wa aina yake wanakua na kuwa wazee. Ukimpata mwanamke kiziwi wa makamo aliye tayari kuja nyumbani mara moja kwa wiki, mlipe nauli na umpe chakula, na usimchukulie kama anaomba msaada kwako; yeye ndiye mwalimu. Viziwi pia watampa binti jina lake la alama, na kuanzia hapo hilo neno "bubu" mlipige marufuku nyumbani kwako.

Darasa la kwanza pamoja na watoto wa miaka saba halimfai. Muulize Afisa Elimu kuhusu MEMKWA, mpango wa waliokosa shule, na msisitize kwamba awepo mtu anayejua alama. Bila hiyo atakalia benchi tu. Kusoma na kuandika kwa kiziwi huja kwa kupitia alama: aone kitu, aoneshe alama, ndipo aone neno.

Kuhusu mdogo wake, mjomba, nakuomba umwonee huruma. Miaka 11 tayari ni mkalimani wa dada yake dukani, mashineni, kwa majirani, kila mahali. Kwa mambo ya chumvi na sabuni haina neno. Lakini hospitalini, polisi, Uhamiaji, au kwenye jambo lolote la mwili wa dada yake, asitumike. Dada hatasema ya kweli mbele ya mdogo wake wa kiume, na mtoto hatatafsiri asiyoyaelewa au yanayomtia aibu. Na siku anazobaki nyumbani ili atafsiri ndizo siku anazokosa masomo.

Hospitali nenda, ila usiuze mkorosho hata mmoja. Apimwe na daktari wa masikio, pua na koo. Anzia Ligula, hospitali ya rufaa ya mkoa, au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mtwara. Homa kali ya utotoni inayoacha uziwi mara nyingi ni homa ya uti wa mgongo au surua, na wakati mwingine dawa zenyewe, kama gentamaisini, huharibu sikio la ndani. Si laana ya mtu wala mizimu iliyokasirika kwa kuhama. Kama bado ana usikivu kiasi, kifaa kinaweza kumsaidia kusikia pikipiki au mtu anayemwita. Kama uziwi ni mkubwa, kifaa hakitampa maneno ambayo hakuwahi kuyapata. Muhimbili wanafanya upasuaji wa kupandikiza kifaa cha usikivu tangu 2017, lakini huo huwafaa zaidi watoto wadogo sana au watu waliokuwa wanaongea kabla ya kupoteza usikivu. Anayekwambia kuna mashine itakayomfanya aongee anataka fedha yako.

Suala la makaratasi lina haraka kuliko unavyodhani, kwa sababu ya miaka 18. Umesema dada yako alizaliwa hapa. Kama alikuwa raia wa Tanzania kwa kuzaliwa, Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inamtambua mtoto wake aliyezaliwa nje kuwa raia kwa kurithi, awe amerithi kwa baba au kwa mama. Hivyo wanawe hawa wawili huenda si wageni kabisa. Kinachotakiwa ni ushahidi juu ya mama: cheti chake cha kuzaliwa kama kipo, cheti cha kumaliza darasa la saba, cha ubatizo, au barua ya serikali ya kijiji pamoja na wazee waliomwona akikua. Halafu ushahidi kwamba watoto ni wake: kadi ya kliniki ya kule, cheti cha kule, hata picha. Peleka Uhamiaji ukiwa na barua ya mtendaji, kabla binti hajatimiza miaka 18, maana sheria yetu hairuhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili na ipo hatua ya kuukana ule mwingine.

Watu watakushauri useme tu alizaliwa Tandahimba. Usikubali. Kutoa maelezo ya uongo ni kosa, na yakigundulika yataharibu hata haki aliyonayo kwa kweli. Ikionekana uraia haukubaliki, ipo njia ya ukimbizi: Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamtaja mtendaji wa kijiji miongoni mwa watu wa kuripotiwa, na muda wa kuripoti ni siku saba tangu kuingia. Hizo zimepita zamani, ndiyo maana usiende peke yako. Chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 wapo wasaidizi wa kisheria wasiotoza fedha. Ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya itakuonesha wa karibu. Usiogope kuonekana. Mikoa yetu ya Kusini imepokea watu wa Msumbiji tangu enzi za kupigania uhuru wao. Rutamba kule Lindi palikuwa na makazi ya wakimbizi wao miaka ya 1960, na wengi walibaki wakazeekea huku. Waliohangaika ni wale ambao hawakuwahi kuandikwa popote, wao na wajukuu wao.

Dar es Salaam, hapana. Na nasema hapana bila kumtuhumu huyo mama. Binti asiyeweza kupiga simu, asiyejua kuandika jina la mtaa, asiye na kitambulisho, ndani ya nyumba ya watu asiowajua, akitendewa ubaya atamwambia nani? Ni mtoto bado mbele ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Huyo mama akiendelea kushinikiza, au akitaka kumchukua kimya kimya, mwone ofisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Ipo pia namba 116 ya huduma kwa mtoto, ya bure, lakini ni ya sauti, kwa hiyo utapiga wewe kwa niaba yake.

Unyago sikatai kama mkeo anavyoutaka, mradi hakuna ukeketaji wala kumwandaa binti kwa mume. Kuna jambo zuri ndani yake: binti aliyekulia njiani anatambuliwa mbele ya wanawake wa ukoo kuwa ni wao. Lakini unyago hufundisha kwa nyimbo na mafumbo, na kiziwi atatoka humo amechezeshwa, amevikwa, amepewa zawadi, bila kuambiwa lolote. Kungwi akubali kukaa naye pamoja na yule mwanamke kiziwi niliyemtaja, wafundishe kwa alama na kwa michoro: hedhi, mimba hutokeaje, magonjwa, nani ana ruhusa ya kumgusa na nani hana, na kama mtu akimshika kwa nguvu aende kwa nani. Hili la mwisho arudie kuonesha mpaka muwe na hakika. Wanaowaumiza mabinti viziwi huwachagua kwa sababu wanajua hawatasema. Kijiji kikijua kwamba huyu anaweza kusimulia, na kwamba nyumbani kwake wanamwelewa, tayari ana ulinzi.

Tuje kwenye korosho. Anapobangua, nenda naye kwa mwenye kazi, mkubaliane bei kwa kilo mbele ya binti, na kilo zipimwe mbele ya macho yake. Mpe daftari lenye mistari: kilo moja, mstari mmoja, kila jioni mwenye kazi atie saini. Si lazima ajue kusoma ili ahesabu mistari na kuilinganisha na noti. Mfundishe noti zote kwanza. Apewe na glavu au mafuta ya kupaka, kwa sababu utomvu wa ganda unaunguza ngozi, na mikono yake ndiyo atakayosemea maisha yake yote. Malipo yaingie mkononi mwake, si kwako wala kwa mdogo wake.

Mwulize anataka kujifunza nini, kwa kumpeleka akaone: fundi cherehani, saluni, mchonga vinyago, bustani ya mboga, mpishi. Vyuo vya maendeleo ya wananchi vipo Newala na Masasi, na Mtapika, huko huko Masasi, ni miongoni mwa vyuo vya serikali vya ufundi kwa watu wenye ulemavu. Kabla ya kumpeleka popote, uliza kama wanapokea wanafunzi mwaka huo na kama yupo mwalimu anayejua alama. Baadaye, akiwa na ujuzi na kitambulisho, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 2 kati ya hizo ni ya watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa 2023 ikarudi mwaka uliofuata. Wanaoipata ni raia, ndiyo maana nimekusumbua na makaratasi: bila kitambulisho cha taifa hatasajili laini ya simu kwa jina lake, na bila laini hata fedha zake mwenyewe zitapitia kwa mtu mwingine. Pia sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 2010 inataka kuwe na kamati yao hadi ngazi ya kijiji. Uliza kama kijijini kwenu ipo. Kama ipo, binti akaandikwe. Kama haipo, lipeleke kwenye mkutano mkuu wa kijiji ujao, na siku hiyo nenda naye, akae mbele, na wewe ukae mahali anapoweza kuiona mikono yako.